Mikono Sitini ya Kulia

Baba wa babu yake ndiye aliyeshona joho la kwanza kuvaliwa katika kanisa lile, siku ambazo kanisa lenyewe lilikuwa kuta nne zisizo na paa. Babu yake aliwashonea wachungaji sita mfululizo, na hapana hata mmoja wao aliyerudi na nguo kwapani kuja kulalamika. Baba yake alikuwa mtu wa neno moja: akikwambia Ijumaa, basi ni Ijumaa, hata mvua inyeshe namna gani. Katika watu hao akatoka yeye, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Mkasi, fundi wa nguo na mzee wa kanisa, mwenye umri wa miaka sabini na miwili, mgongo umenyooka, shati limefungwa vifungo vyote hadi kooni.

Ukoo huo ulikuwa na desturi yake ya kazi. Kabla ya kutia mkasi, fundi aliweka kiganja juu ya kitambaa akamtaja kwa sauti yule atakayeivaa nguo, kisha akakitaja kila kipande kwa upande wake: "Mkunga, mkono wa kulia. Mkunga, mkono wa kushoto." Ilikuwa sala, na ilikuwa kazi, na katika vizazi vitatu hakuna aliyejisumbua kuuliza sala inakomea wapi na kazi inaanzia wapi.

Tena ulikuwa na jora moja la pamba nyeupe. Baba yake alimwachia pamoja na maneno haya: "Hili ni la kazi kubwa." Jora lilikaa katika kabati la vioo miaka thelathini na minane, limefungwa kwa karatasi, weupe wake umepoa ukawa kama maziwa. Maharusi walikuja, wachungaji walikuja, Mzee Mkasi akaipima kila kazi kwa jicho na kuona kwamba haijawa kubwa ya kutosha.

Kisha kwaya ya kanisa ikatimiza miaka hamsini. Ikachanga, ikanunua jora zima la kitambaa cha rangi ya zambarau, upande mmoja unang'aa na wa pili umefifia, ikampelekea Mzee Mkasi ashone majoho thelathini. Sherehe ilikuwa Jumapili, na yeye ndiye aliyepewa heshima ya kutoa hotuba. Hotuba aliiandika kwenye karatasi nne ngumu, kwa mwandiko wa shule za zamani. Kichwa chake kilikuwa "Kuwapo Mbele za Mungu Katika Mambo Madogo."

Jumatatu alipokuwa akikata mikono ya majoho, alikuwa katika ukurasa wa tatu wa hotuba ile, kichwani. Watu thelathini kuwataja mmoja mmoja, kulia na kushoto, aliona kungemkatiza mawazo. "Mungu anawajua wote kwa pamoja," alijisemea, akapanga kitambaa tabaka sita sita, akachora, akakata.

Mkwe wake, mke wa mwanawe aliyekuwa safarini na lori, ndiye aliyekuwa akiendesha cherehani katika chumba hicho. Aliinua uso akauliza kwa upole, "Baba, umepanga uso kwa uso?"

"Mwanangu," alijibu pasipo kuacha kukata, "mkasi huu ulianza kukata kabla hujazaliwa."

Mkwe akainamisha uso, akaendelea na kola.

*

Alhamisi asubuhi joho la kwanza lilikamilika, nalo akavishwa mjukuu, msichana wa miaka kumi na minane ambaye kwa sauti yake walimwita Kengele. Alisimama katikati ya chumba, kati ya cherehani mbili na meza ya kukatia. Bibi yake alikuwa ameketi mlangoni, akichambua mchele kwenye ungo.

"Babu, mkono huu unanivuta."

"Simama wima."

"Nimesimama."

"Vijana wa siku hizi mnasimama kama koti lililotundikwa. Mabega nyuma!"

Kengele akarudisha mabega nyuma. Mkono wa kulia wa joho ulitulia vizuri, ukashuka kama maji. Wa kushoto ulijikunja kwapani, ukafanya kibonge begani, ukamsokota hata kiwiko kikaelekea ukutani.

"Sasa nimekuwa kama kuku aliyekanyagwa bawa," alisema.

Bibi akacheka hata ungo ukatikisika. Mzee Mkasi hakucheka. Alisema ni mshono. Mkwe akamwonyesha mshono: umenyooka. Akasema ni cherehani ya pili, ambayo tangu hapo haikuwa ikimpendeza. Mkwe hakubisha. Alifumua mikono yote miwili, akailaza mezani mmoja juu ya mwingine, pande zinazong'aa zikitazama juu. Ililingana pindo kwa pindo, tao kwa tao, kama viatu viwili vya mguu mmoja.

Mtoto anayeanza ufundi hufundishwa jambo hili siku ya kwanza: kitambaa chenye uso na mgongo hukunjwa uso kwa uso, ili kila mkato utoe jozi, wa kulia na wa kushoto. Ukipanga tabaka zote zikitazama juu, unapata upande mmoja tu, hata ukikata hadi kesho.

Mzee Mkasi aliuendea mrundo rafuni. Aliuteremsha akaanza kukagua, kipande kimoja kimoja, midomo ikichezacheza. Wa kulia. Wa kulia. Wa kulia. Alipofika wa arubaini aliketi, lakini hakuacha. Pamoja na ile miwili ya mezani ilikuwa sitini, na yote ilikuwa ya kulia.

"Mzee," Bibi alisema kutoka mlangoni, "ina maana kwaya nzima haina mkono wa kushoto?"

"Hili si jambo la kucheka, mama."

"Sijacheka. Nimekohoa."

*

Alivaa koti, akafunga vifungo vyote, akaenda kwenye duka la vitambaa. Wateja walikuwa wamejaa hadi kizingitini. Mwenye duka, mtu mnene mwenye kalamu sikioni, alimwona akapaza sauti:

"Karibu, Mzee Mkasi! Wapisheni mzee, huyu hapangi foleni. Nikupe nini?"

"Ile zambarau. Mita ishirini zaidi."

"Haipo tena. Jora lile lilikuwa la mwisho. Hii hapa inafanana nayo." Akaitandaza. Haikufanana; ilikuwa nyekundu zaidi, na mtu yeyote mwenye macho angeona. "Lakini vipi? Mita zote zile hazikutosha? Wewe hukosei hesabu."

Watu waligeuka kumtazama. Mzee Mkasi alihisi kola ikimbana.

"Kitambaa kilipungua," alisema, akatoka.

Alifika kwenye kona ya barabara, pale fundi baiskeli anapotandaza spana zake juu ya gunia, akasimama. Alikuwa amesema uongo. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, wa maneno mawili, na uliponyoka mdomoni kwa wepesi kuliko sala yake ya asubuhi. Akakumbuka kwamba sala ile ya asubuhi aliisema yote mpaka amina, na hakumbuki alisema nini ndani yake, kwa kuwa alikuwa akitafuta neno zuri la kufungia hotuba. Na ya jana vilevile. Na ya juzi. Midomo yake ilikuwa imehudhuria ibada mwezi mzima bila yeye mwenyewe.

Akageuza miguu. Watu walikuwa wangali dukani.

"Hakikupungua," alisema mlangoni, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani. "Nilikikosea mimi. Nimekata mikono sitini ya kulia."

Kisha mwenye duka akatoa kalamu sikioni, akaiweka mezani.

"Mzee wangu," alisema, "tangu nimefungua duka hili, kila ukiingia mimi huficha viatu vyangu chini ya meza, maana naona utaniambia havikupigwa rangi. Leo ndiyo siku ya kwanza umeingia humu kama mtu. Lete mkono." Akamshika mkono kwa viganja viwili, akautikisa. Wateja wakacheka, na ajabu ni kwamba kicheko kile hakikumchoma. Alitoka dukani bila kitambaa, na hatua zake zilikuwa nyepesi kuliko alipokuja.

*

Alipofika nyumbani alimkuta mwalimu wa kwaya, mwanamke mfupi afundishaye shule ya msingi, ameketi kwenye kiti cha wateja. Kengele alikuwa amekwisha kumwambia yote. Si bure alipewa jina lile.

"Mwalimu, nimekuaibisha," Mzee Mkasi alisema akiwa amesimama.

"Bado, Mzee. Aibu ni Jumapili, na leo ni Alhamisi. Nionyesheni mnafanyaje."

Mkwe alikuwa akikunja na kukunjua mkono mmoja wa zambarau juu ya meza.

"Baba," alisema hatimaye, "nina wazo. Lakini si adabu mimi kukufundisha."

"Adabu uliionyesha Jumatatu, nami sikukusikiliza. Sema, mwanangu."

"Tofauti ya kulia na kushoto iko huku juu tu, kwenye tao la bega. Tukilishusha tao hili vidole vinne, tunaweza kulichora upya kwa upande wa kushoto. Mkono utakuwa mfupi, basi chini tuungie pindo la rangi nyingine. Na ile ya kulia tuipunguze chini vidole vinne, tuungie vilevile. Mtu akitazama, atadhani ndivyo tulivyokusudia."

Mzee Mkasi aliutazama mkono ule. Aliupima kwa vidole, akaugeuza. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli kabisa, na yeye asingelifikiria.

"Pindo la rangi gani?" aliuliza.

Mkwe alitazama sindano ya cherehani. Kengele alitazama dari. Bibi alirudi kwenye mchele wake, uliokwisha kuchambuliwa zamani. Wote walitazama kila kitu kilichomo chumbani isipokuwa kabati la vioo.

"Baba alisema ni la kazi kubwa," Mzee Mkasi alinong'ona.

"Mume wangu," Bibi alisema, "miaka thelathini na minane unaingoja kazi kubwa ije. Leo umeifanya kubwa mwenyewe. Fungua."

Akafungua. Kufuli ilikuwa imekwama, ikabidi itiwe mafuta ya cherehani. Jora lilipowekwa mezani na karatasi kuondolewa, mwalimu wa kwaya aligusa kitambaa kwa ncha ya kidole akasema, "Ee Bwana," na ilikuwa wazi kwamba alikuwa anamsemesha Bwana hasa.

"Sasa nahitaji karatasi ngumu ya kukata kiolezo cha tao jipya," alisema mkwe. "Ile ya zamani yote nimeitumia kwenye kola."

Wakatafuta chini ya meza, nyuma ya cherehani, juu ya kabati. Hapakuwa na kitu.

"Na hiyo ya mfukoni mwako, Mzee?" Bibi aliuliza.

Mzee Mkasi aliweka kiganja kifuani, pale karatasi nne zilipokuwa. Kisha akazitoa, akazikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka na bado hajaiachia.

Kengele alizipokea, akazibandika kwa gundi, na kabla ya kukata akasoma kwa sauti yake ile iliyokuwa ikisikika hadi nyumba ya tatu: "'Ndugu wapendwa, hebu tujiulize: mikono yetu inapofanya kazi, akili zetu huwa ziko wapi?'"

Mkasi wake ukasimama hewani. Mkwe akaziba mdomo. Mwalimu wa kwaya aligeukia ukuta, mabega yakitikisika.

Aliyeanza kucheka ni Mzee Mkasi. Kicheko kilianza mbali, kikapanda kama gari kuukuu linalowashwa asubuhi ya baridi, likikwama na kuwaka tena, hadi akafungua kifungo cha kooni, na baada ya hicho cha pili. Mkewe alikuwa na miaka mingi hajaiona shingo yake mchana.

"Kata," alisema huku akifuta machozi. "Kata, mjukuu wangu. Hiyo ndiyo kazi yake."

*

Ijumaa jioni na Jumamosi mchana kutwa kwaya ilihamia pale. Nyumba ilijaa. Wenye kujua kushona walishona mapindo, wasiojua walipiga pasi, na wasiojua hata pasi walitunga uzi kwenye sindano na kubishana. Sauti ya tatu ilikaa ukumbini, ya kwanza jikoni, nazo ziliimbiana kupitia dirishani.

Kwenye meza ya kukatia, Mzee Mkasi alikuwa amerudia desturi ya wazee wake, naye hakumruka mtu. Kila mwanakwaya alikuja akasimama mbele yake. Alimpima, akamtazama usoni, akaweka kiganja juu ya kitambaa.

"Muuza mkaa, mkono wa kulia. Muuza mkaa, mkono wa kushoto." Akaona kwamba muuza mkaa anakunja kiwiko kwa shida. "Nini hicho?"

"Magunia, Mzee."

Akamwachia nafasi ya vidole viwili.

"Dada wa posta, mkono wa kulia. Dada wa posta, mkono wa kushoto. Mbona umenenepa?"

"Mzee! Mimba hiyo!"

"Mwenyezi Mungu asifiwe. Mkwe, legeza ubavuni!"

Na chumba kizima kikapiga makofi, kwa kuwa mumewe, aliyekuwa kwenye pasi, alikuwa ndiyo kwanza anasikia.

Wa mwisho alikuwa mtu wa kinu cha nafaka, mwimbaji wa sauti nzito waliyemwita Besi. Alikuja mbele ya meza akasimama kiubavu, mkono wa kushoto nyuma.

"Geuka nikuone," Mzee Mkasi alisema.

Besi akageuka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa shubiri nzima, umepinda kifundoni. Mkanda wa kinu ulikuwa umeunasa zamani, kabla hajaoa. Kwenye joho lake la zamani, lililokuwa limekunjwa chini ya kwapa, mkono wa kushoto ulikuwa umebanwa kwa pini mbili zilizoota kutu.

Joho lile la zamani lilishonwa na Mzee Mkasi.

"Miaka mingapi umeimba kwenye kwaya?"

"Kumi na mmoja, Mzee."

"Miaka kumi na mmoja unaimba na pini. Kwa nini hukuniambia?"

Besi alitabasamu kwa haya. "Ulinipima kwa macho ukapita. Na Jumapili nikikuona, huwa una haraka ya kuingia kuomba. Nikaona vibaya kumcheleweshea Mungu mtu wake."

Mkasi ulitua mezani taratibu. Ukumbini waliendelea kuimba. Mzee Mkasi alizunguka meza, akaushika mkono ule uliopinda, akaunyoosha hadi pale ulipokubali kunyooka, akaupima mara tatu: kutoka bega hadi kiwiko, kutoka kiwiko hadi kifundo, na unene wa kifundo. Hakuandika popote. Vipimo alivitia moyoni.

"Basi leo umemchelewesha," alisema, "naye ameketi papa hapa kwenye benchi, anasubiri zamu." Akaweka kiganja juu ya kitambaa. "Besi, mkono wa kulia. Besi, mkono wa kushoto."

Joho hilo alilishona mwenyewe, mapindo yote, kwa sindano ya mkono.

*

Jumapili kwaya iliingia kwa mlango mkubwa, wawili wawili, zambarau na vikuku vyeupe kama maziwa kwenye kila kifundo. Watu waligeuka kwenye mabenchi wakanong'onezana: nani amebuni mtindo ule? Mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa amekaa nyuma akiwa amepiga viatu rangi, aliwaambia majirani zake kwa fahari kwamba anaijua habari yote, na akakataa kuisema.

Walipofika kwenye ubeti wa mwisho, walinyanyua mikono. Kwa miaka kumi na mmoja Besi alikuwa akinyanyua mmoja. Siku hiyo alinyanyua yote miwili, na pindo la kushoto lilikaa sawasawa juu ya kifundo kilichopinda, halikuteleza, halikuning'inia. Mkewe alisimama kwenye benchi lake peke yake, akakaa, akasimama tena.

Kisha mchungaji akamwita mzee wa kanisa atoe hotuba. Mzee Mkasi alikwenda mbele, mgongo umenyooka, kifungo cha kooni kimefunguliwa. Kwa mazoea alipeleka mkono kifuani. Hapakuwa na kitu. Bibi, kwenye benchi la pili, alianza kukohoa.

"Ndugu zangu," alisema, "nilikuwa nimeandika kurasa nne kuhusu kuwapo mbele za Mungu. Nilipokuwa naziandika, mimi mwenyewe sikuwapo. Sasa zimekatwa, na ule mkato uko kwenye mabega ya hawa." Akawageukia wanakwaya, akawatazama mmoja mmoja, kwa zamu, wote thelathini, wala hakuharakisha. "Leo nipo," alisema, akaenda kuketi.

Wanasema ndiyo hotuba fupi kuliko zote zilizowahi kutolewa katika kanisa lile, na ndiyo pekee ambayo watoto waliweza kuirudia nyumbani. Kwaya iliimba tena bila kuombwa, na safari hii hata wasiojua kuimba waliimba.

Basi ninyi vijana niliowasimulia haya, mjukuu mwenye kidole juu ya simu na mjukuu mwenye haraka ya kufika mbele, wekeni chini mlichoshika na mnisikilize. Msiniambie mmesali ikiwa hamkumbuki mlisema nini. Msiniambie mnampenda Mungu asiyeonekana, na aliyesimama mbele yenu anaishi na pini mbili zenye kutu. Kazi iliyo mezani leo ndiyo kubwa, fungueni kabati. Na kabla ya kutia mkasi kwenye jambo lolote, mtajeni kwanza yule atakayelivaa, kulia na kushoto, kwa sauti, hadi mumwone. Hili siwaombi. Ninawaagiza.